Saini huwa naitazama mwisho

Wanaoanza kukusanya barua za viongozi huniuliza kwanza: "Hii saini ni yake kweli?" Mimi huanza na tarehe. Rais akishukuru kwa kadi ya Krismasi, hapo umenunua saini tu. Akiandika wiki ambayo vita vinamwendea kombo, hicho ni kitu kingine kabisa, na bei yake hupaa.

Balaa ni kwamba msukosuko ukipamba moto, kiongozi hana muda wa kushika kalamu. Barua zinamiminika, wanaojibu ni makatibu, na wapo walioiga saini ya bosi mpaka ukadhani ni mkono wake. John F. Kennedy anatusumbua sana: makatibu walimsainia, na mashine ya kuiga saini nayo ikamsainia. Heri mashine, maana hujisaliti. Weka saini mbili moja juu ya nyingine, umulike taa kwa chini. Zikilaliana kila kona, rudisha pochi mfukoni. Hakuna binadamu anayesaini sawasawa mara mbili. Kisha shika lenzi ufuate mstari. Mkono hukandamiza hapa ukalegeza pale. Mashine huburuza wino kwa uzito uleule, na mara nyingi huacha kitone inapoanza na inapokoma. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya mashine. Nimeitundika ukutani, iwe adhabu.

Lakini karatasi mbili ninazozihusudu kuliko zote, na ambazo hazitauzwa kamwe kwa sababu zimehifadhiwa kwenye maktaba za serikali ya Marekani, hazina saini kabisa. Tarehe 14 Julai 1863, baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Rais Abraham Lincoln alimwandikia jenerali wake, Meade, barua ya kumlaumu kwa kumwacha Lee, jenerali wa waasi wa Kusini, aponyoke. Hasira zikamshuka. Akaandika kwenye bahasha kwamba haikutumwa wala kusainiwa.

Ya pili ni kikaratasi cha Eisenhower, kabla hajawa rais, alipokuwa jemadari wa majeshi ya Washirika, cha kukiri kushindwa endapo uvamizi wa Normandy, pwani ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, ungekwama. Mwanzo aliandika kwamba askari wameondolewa. Akakata, akaandika "nimewaondoa". Kwa kalamu hiyohiyo akaweka tarehe 5 Julai, ilhali ilikuwa 5 Juni 1944. Mghushi angeangalia kalenda kwanza.