Mabenchi yaliyokaliwa na kunguru

Mabenchi kumi ya zege, yote yametazama bahari. Niliyachora mwenyewe, na kwenye karatasi yalipendeza kweli. Nilichosahau ni kwamba kwetu Unguja mjini bahari iko magharibi: ikifika alasiri jua linakupiga usoni na zege limeshapata moto. Waliokaa pale ni kunguru. Watu walijipanga nyuma, kwenye ukingo wa kitalu cha maua niliouweka ili udongo usimwagike njiani, chini ya mkungu.

Nikamwamkia mzee mmoja aliyekuwa anachanganya dhumna, nikamuuliza mbona hawendi kwenye mabenchi.

"Mwanangu, pale tutazungumza vipi? Umetupanga kama abiria wa boti ya Dar."

Aibu ilinishika, maana nimekulia Mji Mkongwe, na kila nyumba niliyopita nikienda skuli ilikuwa na baraza. Kazi yangu ni usanifu wa mandhari, na bado sijaona kitu kidogo kinachofanya mengi kama lile tuta la mawe na chokaa chini ya ukuta. Linafika magotini, kwa hiyo hata babu anainuka bila kushikwa mkono. Ukuta ndio egemeo. Kuta ndefu za pande mbili na wembamba wa kichochoro hukupa kivuli karibu siku nzima, na aliye baraza ya pili mnaongea bila kupaza sauti. Mwenye nyumba humpokea mgeni hapo, wa ndani wakabaki na sitara yao. Masika, kichochoro kikigeuka mto, watu hupita juu ya baraza. Wala tusishangae kwamba jina lake limepanda hadi Baraza la Wawakilishi.

Siku hizi wengine wanaibomoa ya chokaa na kuweka saruji na vigae vinavyong'aa. Saruji ngumu haipumui kama chokaa. Unyevu unabanwa ndani ya ukuta wa mawe, na plasta huanza kubanduka. Vigae navyo vikirowa ni utelezi mtupu, basi ile njia ya masika imekwenda. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000, na wageni wengi huja kupiga picha milango. Mimi ningewaambia washushe kamera kidogo.

Hata Michenzani, kwenye yale majumba marefu ya enzi za Mzee Karume, watu wa ghorofani hushuka jioni kutafuta maskani ya kukaa. Mchoro wowote usiowapa pahala watajipatia wenyewe, kwa tofali na ubao.

Mabenchi yangu hayakuhamishwa, kwani fedha za mradi zilikuwa zimeshakwisha. Nilichoambulia ni ukingo kurefushwa mita sita, ukakunja kona chini ya mkungu ili watu watazamane. Muuza kahawa ameshaweka jiko lake hapo.