Maji Yakishakuwa Buluu, Umechelewa

Jana alasiri simu ililia mkono wangu mmoja ukiwa ndani ya tangi. "Mjomba, ile dawa nimeitia kidogo kidogo mpaka maji yakapiga buluu, kama ulivyosema. Sasa mbona samaki wamelala ubavu?"

Sikusema. Sijapata kusema hivyo hata usingizini. Kijana huyu ni wa nne mwaka huu, na wote wanne wameshika neno lilelile: mrututu wa samaki, ile chumvi ya shaba ya rangi ya buluu, hutiwa mpaka maji yabadilike rangi. Aliyelianzisha simjui, lakini nikimpata nitampa ndoo anijazie matangi yangu yote kutoka ufukweni, siku ya kusi kali, jua la saa sita.

Shaba inayotibu samaki wa baharini ni miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa kila lita. Nasema shaba huru, ile itokayo kwenye mrututu. Ya chupa nitaifikia. Kwa kiwango hicho maji ni meupe pe. Weka glasi yake kando ya glasi ya maji yasiyo na dawa, uite mtaa mzima uje kutazama, hakuna atakayetofautisha. Ukifika mahali jicho linaona buluu, umeshavuka mpaka zamani.

Piga hesabu. Kijiko kimoja cha chai, tuseme kimebeba gramu 5 za mrututu. Shaba ni kama robo tu ya uzito huo, asilimia 25 na kitu, kwa hiyo hapo una gramu 1.27 za shaba. Imwage katika lita 200 na umepata miligramu 6.4 kwa lita. Zaidi ya mara 30 ya kiwango cha juu! Samaki wale hawakuuawa na ugonjwa wa madoa meupe. Waliunguzwa mashavu na mwenyewe, kwa kijiko cha chai.

Kwa hiyo kijiko kirudishe jikoni. Tafuta mizani ya kielektroniki, ile ya sonara inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Pima gramu 3.93 za mrututu safi wa maabara, si ule wa kunyunyizia mimea, uyeyushe katika maji ya betri yasiyo na asidi mpaka ijae lita moja kamili. Sasa kila mililita ya maji hayo ya akiba ina miligramu 1 ya shaba, na kilichobaki ni hesabu ya darasa la tano na bomba la sindano lisilo na sindano. Andika chupa kwa herufi kubwa, ifungie mbali na watoto. Basi.

Lita 200 zenyewe ni zipi? Hapa pia watu hunichekesha. Mtu ameambiwa dukani tangi lake ni la lita 225, kwa kuwa kwa nje lina sentimita 100 kwa 50 kwa 45. Kwa ndani, ukitoa unene wa kioo, ni 98 kwa 48, na maji yamefika sentimita 38. Hizo ni lita 179. Ukidozi kwa 225 ukilenga 0.20, unapata 0.25. Na hapo hujakosea chochote kingine bado! Chupa za ng'ambo nazo huandikwa "matone kadhaa kwa galoni". Galoni ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza ni lita 4.5, na ya Malindi ni dumu lolote la plastiki lenye mfuniko. Tone nalo lina ukubwa gani? Inategemea mdomo wa chupa na mkono wako siku hiyo.

Lakini hayo yote ni makosa ya mkono, yanarekebishika. Linalonipandisha damu ni mawe.

Mtu anakuja kwangu, nampa maelezo, ananunua mizani, anapima ndani ya tangi lake kwa futi kamba, anatia dozi kama fundi saa. Halafu nikienda kumtembelea nakuta chini ya tangi la karantini kumetandazwa mchanga mweupe wa ufukweni, na katikati pamejengwa kasri la mawe ya matumbawe, "samaki wapate kujihisi nyumbani". Ndugu yangu, mchanga ule ni chokaa. Matumbawe ni chokaa. Shaba na chokaa zikikutana zinashikana, shaba inatoka majini na kuganda juu ya jiwe, kama ule ukijani unaoota kwenye sufuria ya shaba ya bibi. Asubuhi umetia, umepima, umepata 0.18. Magharibi unapima tena unakuta 0.09, na 0.09 haiui kitu. Vimelea wanaendelea na maisha yao. Wewe unaona kipimo kimeshuka, unaongeza. Kesho kimeshuka tena, unaongeza tena. Baada ya wiki jiwe limekunywa shaba ya kutosha matangi matatu, na siku maji yakichachuka kidogo, labda chakula kimeoza au pampu ya hewa imezimika usiku umeme ulipokatika, baadhi ya shaba ile huachia na kurudi majini. Unaamka unakuta msiba, unanipigia simu unasema dawa ni mbovu.

Sisi watu wa pwani hii tuna shida maalumu hapa, kwa sababu chokaa imetuzunguka. Nyumba za Mji wa Kale wa Lamu ni matumbawe na chokaa, na huku Malindi mtu akitaka tangi kubwa la bei nafuu humwita fundi amjengee la saruji. Saruji nayo ina chokaa. Nimewahi kuhangaika siku kumi na moja na tangi la saruji la mteja mmoja mwenye mkahawa, natia shaba asubuhi na jioni, na kipimo hakikai. Nilimlaumu msaidizi wangu, nikailaumu poda ya kupimia, nikalaumu hata joto. Kumbe ukuta ulikuwa unakunywa. Siku ya kumi na mbili tuliwahamishia samaki kwenye pipa la plastiki la buluu, na kipimo kikatulia siku hiyohiyo. Aibu ile naibeba mpaka leo.

Karantini ni kioo kitupu au plastiki. Vipande vya bomba la plastiki samaki wajifichie. Chujio la sifongo. Mkaa wa chujio utoe, nao unanyonya shaba. Hakuna mchanga, hakuna jiwe, hakuna kombe zuri uliloletewa na mtoto. Kamba, kaa, konokono na matumbawe hai wasiione dawa hii kabisa, itawaua. Papa na taa nao usijaribu. Tangi lililowahi kutiwa shaba silirudishii viumbe hao tena.

Maji yenyewe pia si yaleyale mwaka mzima. Kaskazi ikivuma, maji mekundu ya Sabaki hushuka kutoka mlangoni mwa mto, kaskazini kidogo ya mji, yakajaa ghubani kwetu. Kusi ikiingia huyasukuma yaende kaskazini, bahari yetu ikaangaa. Maji yenye tope hushika shaba, na chumvi nayo hushuka mto ukimwaga sana. Chumvi ikishuka, shaba ileile huwa kali zaidi kwa samaki. Ndiyo maana dozi iliyonipendeza Agosti sikuiamini Desemba. Siku hizi natuliza maji kwenye pipa siku mbili tatu, nayachuja, napima chumvi, ndipo niyatumie.

Basi suluhisho ni kupima, alfajiri na magharibi, kila siku. Nimelisema mara ngapi? Kiasi ulichotia ni habari ya jana. Kinachowagusa vimelea ni kilichomo majini saa hii.

Na hapa nikiri jambo ambalo vitabu huliruka kwa adabu. Dirisha la shaba huru, kati ya 0.15 na 0.20, lina upana wa 0.05. Vipimo vingi tunavyomudu huweza kukosea kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo kipimo kikisoma 0.17, ukweli unaweza kuwa 0.12, ambayo haitibu, au 0.22, ambayo kwa samaki dhaifu ni nyingi. Mimi hupima mara tatu, nachukua ya kati, halafu namtazama samaki: anapumua mara ngapi, anakuja chakula kikitupwa au anajibanza kwenye bomba. Si sayansi ya kujivunia, lakini samaki ni kipimo ambacho hakiishiwi poda.

Ndiyo sababu wengi wamehamia shaba ya chupa, iliyofungwa na kemikali nyingine ili iachilie polepole. Hiyo hukaa majini vizuri zaidi, na kiwango chake ni kikubwa, baadhi yake miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita, kwa hiyo kosa la 0.05 halitishi. Lakini balaa likazaliwa hapohapo. Mtu anasoma mtandaoni "shaba, 2.0", anachukua mrututu wake wa dukani, anatia mpaka 2.0. Hiyo ni mara kumi! Namba ya chupa ni ya chupa. Tena chupa zenyewe hazilingani, nyingine mwisho wake ni 0.5. Na kipimo kiwe kile kinachosoma shaba iliyofungwa. Vingine haviioni vizuri, vitakuonyesha kidogo wewe uongeze.

Kubadilisha maji: ukitoa lita 40 katika 200, unadozi zile 40 mpya tu. Ukilenga 0.18 ni mililita 7.2 za maji yetu ya akiba. Ukidozi 200 zote upya umefika 0.32. Yaliyokauka kwa upepo yajaze kwa maji baridi, yasiyo na chumvi wala dawa, kwa sababu shaba haipai na mvuke.

"Lakini mjomba, madoa yalitoka siku ya tatu, nikaacha dawa." Madoa hutoka yenyewe, na dawa au bila dawa. Cryptocaryon, kimelea wa madoa hayo, akishakula akashiba anamwachia samaki, anaanguka chini, anajifungia kwenye ganda lake na kuzaana humo kwa siku au wiki. Shaba haimpati akiwa chini ya ngozi, wala akiwa gandani. Inampata mtoto wake tu, yule anayeogelea akitafuta samaki, na ana siku moja mbili tu za kumpata. Kwa hiyo unashikilia kiwango wiki tatu, mimi hufika siku thelathini, ili kila atakayetoka gandani akute shaba inamngoja. Kikishuka siku moja katikati, nahesabu upya.

Nisilo na uhakika nalo ni mwendo wa kupanda. Mimi hupandisha kwa siku tatu nne, 0.05 kwa siku, ili samaki azoee na bakteria wa chujio wasife wote mara moja, amonia ikaniwahi. Lakini ugonjwa ukiwa ule wa vumbi la dhahabu, Amyloodinium, siku nne ni nyingi. Nimepoteza samaki nikingoja ustaarabu. Nikiharakisha nako nimepoteza. Kila mara najiambia safari ijayo nitajua.

Yule kijana wa jana tulimtolea maji nusu, tukatia mkaa, tukayatoa tena nusu. Katika samaki sita amebaki kitatange mmoja, anapumua kwa kasi lakini amesimama wima. Huku kwangu, tangi la pili, la samaki kangaja aliyeingia Jumatatu, limesoma 0.16, 0.18, 0.16. Kangaja hajala tangu juzi. Nimekaa na bomba la sindano mkononi, mililita 2 ndani yake, na sijaamua.