Je, wajua kwa nini tani nzima ya sifongo ilitoa dawa isiyofika hata kidonge kimoja?

Weka kidonge kimoja cha Panadol kiganjani. Kina miligramu 500 za paracetamol. Sasa fikiria: miaka ya 1990 watafiti walivua tani nzima ya sifongo wa manjano, wenye utelezi, waitwao Lissodendoryx, kutoka kina cha mita 100 hivi karibu na rasi ya Kaikoura, New Zealand. Baada ya kukamua na kuchuja, walibaki na takriban miligramu 300 za halichondrini B, sumu ya sifongo inayoua seli za saratani. Basi.

Kwa nini wajisumbue hivyo? Sifongo ni mnyama, japo ukimwona hutaamini. Hana miguu ya kukimbilia, hana meno, hana gamba. Amejishikiza mwambani anachuja maji maisha yake yote, na kila mwenye njaa anamwona. Kilichobaki cha kujikinga ni sumu. Nyoka hudunga sumu yake mwilini mwa adui. Ya sifongo inatoka na kukutana na bahari nzima, inazimuliwa papo hapo. Kwa hiyo lazima iwe kali hata ikibaki chembe. (Mara nyingi, tena, mpishi wa sumu si sifongo mwenyewe bali bakteria aliowapangisha mwilini.)

Halichondrini iligunduliwa kwanza Japani miaka ya 1980 na Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura, katika sifongo mwingine, Halichondria okadai. Seli inapotaka kugawanyika hutandaza nyuzi nyembamba za kuvuta kromosomu (vibeba urithi) huku na huku. Halichondrini hujibandika kwenye ncha ya uzi, uzi ukashindwa kurefuka. Seli inakwama katikati ya kazi, kisha inakufa. Seli za saratani, zisizojua kupumzika kugawanyika, ndizo zinazoumia zaidi.

Kupata dawa ya kutosha ndiko kulikowatoa watu jasho. New Zealand walijaribu kumkata sifongo vipande na kuvikuza kwenye maji ya kina kifupi, kama wanavyofanya akina mama wa Jambiani, Unguja, na sifongo wao wa kuogea kwenye kamba. Vikamea, na halichondrini ikawamo. Lakini kutibu dunia kwa shamba la namna hiyo? Hapana.

Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Harvard waliiunda molekuli yote maabara, kutoka mwanzo. Ilipojaribiwa vipande vipande ikaonekana nusu yake tu ndiyo inayofanya kazi. Kampuni ya dawa ya Eisai ikaichukua nusu hiyo, ikaichonga, ikaiita eribulini. Kuitengeneza kunapitia hatua zaidi ya 60 za kikemia, na mwaka 2010 Marekani iliiruhusu kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Mgonjwa anayechomwa sindano hiyo leo hapati hata chembe ya sifongo.