Samli kwenye Kanzu: Jua na Pasi Vingoje

Maulidi yakimalizika hapa Lamu, kanzu ninazoletewa huwa na doa mahali palepale: mapajani, na jingine mwishoni mwa mkono wa kulia. Watu wamelizunguka sinia la pilau, wamekula kwa mkono, samli imefuata njia yake. Doa hilo likiwa bichi ni kazi ndogo. Kanzu inayonisikitisha ni ile iliyokwisha kufuliwa nyumbani mbio mbio, ikaanikwa juani, ikapigwa pasi, kisha ndiyo ikaletwa kwa dobi. Hapo mafuta yameshapikwa ndani ya uzi, na kuyatoa ni kubahatisha.

Wengi huanza kwa kuloweka. Naomba sana muache. Chembe ya sabuni ina ncha mbili, moja hushika mafuta na ya pili hushika maji. Ndivyo inavyoyakata mafuta vitone vidogo ambavyo maji huvichukua. Ukitangulia kuloweka, sabuni huzimuliwa kabla haijafika kwenye doa. Basi nguo ikiwa kavu, nyunyiza unga wa mahindi au poda, uache unywe mafuta kwa nusu saa hivi, kisha kung'uta. Geuza nguo ndani nje, utie sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa nyuma ya doa, uisambaze kwa kidole kutoka ukingoni kuja katikati. Usisugue kwa brashi. Iache robo saa, ndipo ulete maji ya vuguvugu. Ya baridi hayafai kwa samli, kwani huigandisha. Mafuta ya nazi hayana shida hiyo: huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na joto letu ni zaidi ya hapo karibu mwaka mzima.

Maji yenyewe nayo yana neno. Yale matamu ya visima vya kwenye vilima vya mchanga kule Shela yanafua vizuri. Lakini kisima chenye chumvi na chokaa huipiga sabuni ya mche ikakosa povu, ikaacha utando wa kijivu, na utando huo hunasa mafuta upya. Ndiyo sababu nasisitiza sabuni ya vyombo. Haishindwi upesi na maji magumu. Ukibahatika kuwa na maji ya mvua, yaweke kwa suuza ya mwisho.

Sasa jua. Nguo mbichi huficha doa, kwa hiyo usiamini macho yako pale kwenye karai. Anika kivulini penye upepo, ikauke, kisha uinue kitambaa uelekeze kwenye mwanga. Ukiona kivuli cha duara, rudia sabuni. Mafuta kama ya alizeti yakikutana na hewa, joto na mwanga hushikana yakawa utando wa manjano unaonata. Mafundi wa majahazi wanaijua tabia hii: sifa, yale mafuta ya ini la papa, hupakwa kwenye mbao kwa kuwa hukauka yakashika. Kinachoulinda ubao ndicho kinachoiharibu kanzu.

Mchuzi wenye bizari ya manjano una madoa mawili kwa pamoja, mafuta na rangi. Ukipaka sabuni ya mche, manjano hugeuka wekundu na watu hushtuka wakidhani nguo imeungua. Haijaungua, bizari hiyo hubadilika rangi ikikutana na magadi au sabuni kali. Toa mafuta kwanza, yote, ukihakikisha kivulini. Yakishatoka, hapo jua linakuwa rafiki: anika kanzu nyeupe juani, mwanga utaifubaza manjano kidogo kidogo.

Jiki haiwezi kazi ya mafuta. Inashambulia rangi, na kwenye buibui itakuachia baka ambalo hakuna dobi atakayelirudisha.

Kanzu za polista ni ngumu kuliko za pamba, maana uzi wake wenyewe unapenda mafuta. Zifanyie upesi, siku hiyo hiyo. Grisi na oili ya mashine za mashua zina masizi ndani yake, hivyo anza kwa kulilegeza doa kwa mafuta kidogo ya kula, ulipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha uendelee na sabuni ya vyombo kama kawaida. Mafuta ya taa pia hufanya kazi, ila siyapendi: harufu haitoki, na nguo iliyolowa mafuta ya taa karibu na jiko la mkaa ni hatari.

Kofia za vito, zile zilizotariziwa kwa mkono, zina ukingo unaonyonya jasho na mafuta ya nywele kila siku. Usizitumbukize kwenye karai pamoja na nguo nyingine. Paka sabuni ukingoni kwa mswaki laini, ukifuata mshono, suuza kwa maji ya kumimina, na uziache zikauke zikiwa zimesimama.