Injini mpya ya modeli inachechemea? Weka bisibisi chini kwanza

Wiki iliyopita mzee mmoja wa hapa Nakuru aliniletea injini ya treni ya modeli, mfano mdogo wa zile za mvuke, mtoto wake alimtumia kutoka Uingereza. Ni kale ka magurudumu sita, saizi ya OO yaani ndogo mara 76 kuliko ya kweli, inatembea kwa reli ya upana wa milimita 16.5 na inatumia stima ya volti 12. Mpya kabisa, boksi bado inanukia. Akaiweka kwa meza akaniambia, "Fundi, hii inachechemea."

Sasa huyu mzee alikuwa fayamani wa reli, yule wa kuchochea moto wa boila, enzi za zile injini kubwa za mvuke, Garratt za klasi ya 59, kama ile 5918 Mount Gelai iko makumbusho ya reli Nairobi. Zile zilikuwa na seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma ya boila moja, na hazijaunganishwa, kwa hivyo mipigo yake ya mvuke inaachana halafu inakutana tena. Mtu amesikiza hiyo kitu miaka yote, akikwambia inachechemea usibishane naye. Kuchechemea ni mguu mmoja, si mwili wote, na hapo ndipo mimi huanzia.

Watu wengi wakiona injini mpya inasumbua wanafungua tu, na wakishafungua waranti imeenda. Iache itembee polepole sana, uweke nukta ya Tipex kwa gurudumu moja, halafu uangalie. Kama inasita mahali pale pale pa reli kila ikizunguka, angalia ile jointi ya reli imelegea, injini haina makosa. Kama inasita ovyo ovyo, leo hapa kesho pale, stima haifiki kwa mota vizuri. Lakini kama inasita kila nukta ikifika pembe ile ile, hapo kuna chuma kinakwama.

Ya mzee ilikuwa na shida mbili kwa pamoja, ndio maana ilikuwa inachanganya.

Nilianza na stima kwa sababu ndio rahisi. Pamba ya masikio, spiriti, unapangusa reli na magurudumu, na hata yakiwa mapya pamba itatoka nyeusi kwa sababu ya mafuta ya kiwandani, halafu ongeza vumbi letu la Nakuru. Baadaye nikailaza chali kwa sponji, nikashika taa. Nyuma ya kila gurudumu kuna kibati chembamba cha shaba kinachogusa ili kuchukua stima. Ukisukuma gurudumu kando kidogo na kijiti cha meno, kibati kinafaa kulifuata. Kimoja hakikufuata, kilibaki nyuma, nafasi ya unene wa karatasi tu. Nikakikunja polepole na kibano hadi kikagusa, lakini usikibane sana maana kitageuka breki.

Ile kusita ya ovyo ikaisha, ya nukta ikabaki.

Hizi fimbo za pembeni zinaunganisha magurudumu yote, na pini za upande wa kulia zimepangwa nyuzi 90 mbali na za kushoto, ili pande zote mbili zisifike mwisho wa mwendo pamoja. Ekseli moja ikiteleza hata kidogo tu, fimbo zinaanza kupigana. Kama ni hiyo rudisha kwa aliyekuuzia, usijaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, litapoteza mshiko kwa ekseli na halitakaza tena. Ya mzee haikuwa hivyo. Nilishika kila fimbo na ukucha nikaitikisa, zote zinacheza isipokuwa pini ya katikati kushoto, imekazwa mpaka fimbo imebanwa kwa gurudumu. Robo raundi ya kulegeza, basi.

Mafuta ni tone la ncha ya pini kwa kila beringi na kila pini ya fimbo, mafuta mepesi yasiyokula plastiki. Tafadhali usinyunyize ile spray ya kulegeza nati zilizoshika kutu, inaingia kwa mota, inaacha utando inaokota vumbi lote la nyumba.

Halafu ikaenda nusu saa mbele na nusu saa rivasi, mwendo wa kati, bila mabehewa, maana injini yoyote mpya inataka gia zizoeane, na kuna nyingi huletwa kwangu kumbe zinahitaji hiyo saa moja tu.

Mzee akainamisha sikio karibu na reli. Mbele akakubali. Rivasi akanyamaza kidogo, akasema bado anasikia kitu, mimi sikuwa nasikia chochote. Nikaangalia nukta, kweli, inasita kiasi kidogo sana ikifika chini. Nikalegeza ile pini tena, upana wa unywele, tukaongeza dakika kumi za rivasi, akasikiza tena, akaanza kuitafutia boksi yake.