Ovaroli inayogeuka mkaa, na jezi unayoivaa ndani yake

Kila ninapoanza mafunzo ya usalama kwa mafundi umeme wa viwandani, huja na vipande vitatu vya kitambaa, koleo na kiberiti. Cha kwanza ni poliesta, cha pili ni kaki ya pamba ya kawaida, cha tatu ni pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto. Poliesta inajikunja, inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka. Kaki ikishika, inaendelea kuwaka hata nikiondoa njiti, mpaka inakwisha. Ile ya tatu inapata mwali, inakuwa nyeusi, na njiti ikitoka tu, moto unazimika wenyewe. Mkononi kinabaki kipande kizima, cheusi na kigumu.

Hapo ndipo mtu huuliza: "Kumbe na hii inaungua?"

Inaungua, ndiyo, na namna inavyoungua ndiyo inayokuokoa. Aliyewahi kukaa karibu na tanuri la mkaa atanielewa haraka. Kuni zinapowaka, ule mwali unaouona ni gesi zinazotoka kwenye mti uliopata joto. Pamba nayo, kama mti, ni selulosi. Joto likiifikia, selulosi inavunjika na kutoa gesi, gesi zinashika moto, mwali unaongeza joto, joto linatoa gesi nyingine, na shati linawaka kutoka kiunoni hadi shingoni. Dawa yenye fosforasi, iliyofungwa ndani ya nyuzi, inavunja mzunguko huo. Ikipata joto inageuka asidi, asidi inainyang'anya selulosi maji, na sehemu kubwa ya kitambaa inabaki kaboni, yaani mkaa, badala ya kutoka kama gesi. Mwali unakosa chakula, na mkaa ule unasimama kati ya joto na ngozi yako.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1821 mkemia Mfaransa Gay-Lussac alionyesha kwamba fosfati ya amonia na boraksi huzuia vitambaa kushika moto, wakati majumba ya maonyesho yakiteketea kwa sababu ya mapazia. Dawa zile zilitoka kwa maji. Za leo hustahimili kufuliwa mara nyingi, zikifuliwa inavyotakiwa.

Kuna pia nyuzi zisizohitaji dawa, kama Nomex, iliyo ndugu wa nailoni kikemia lakini haiyeyuki. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Pamba huweza kuwaka hata oksijeni ikiwa asilimia 18 tu, ilhali Nomex inahitaji kama 28, kwa hiyo hewa ya kawaida haitoshi kuiendeleza kuwaka.

Sasa turudi kwa fundi aliyefungua kabati la umeme. Shoti kubwa ikitokea, umeme unaruka hewani na joto lake hupita kwa sehemu ya sekunde. Ngozi tupu hupata malengelenge kwa kalori 1.2 tu kwa kila sentimita ya mraba. Lakini nguo ya kawaida ikishika moto, itaendelea kukuunguza muda mrefu baada ya shoti kwisha, na ndiyo maana nguo ya mtu mwenyewe mara nyingi humdhuru kuliko shoti. Ovaroli yenye lebo ya kalori 8, kwa kipimo cha ATPV, yaani kipimo cha kinga ya nguo dhidi ya joto la shoti, inamaanisha kwamba joto likifika hapo, uwezekano wa kupata malengelenge ni nusu kwa nusu. Wengi husoma namba ile kama ahadi ya kutoungua kabisa. Pima kwanza hatari ya kabati lako, kisha vaa nguo yenye namba inayoizidi.

Kinachonisumbua zaidi ni kinachovaliwa ndani. Niliwahi kumwona kijana aliyepona mikono yote miwili kwa sababu mikono ya ovaroli ilikuwa imefungwa vifungo. Kifua chake kiliungua. Zipu ilikuwa wazi kwa sababu ya joto la mchana, na ndani alivaa jezi ya mpira. Jezi nyingi ni poliesta, na poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 260, ikaganda kwenye ngozi. Ndani vaa pamba tupu, soksi na nguo za ndani pia. Ovaroli nayo isikubane. Hewa iliyo kati ya kitambaa na mwili ni kinga ya bure.

Ufuaji nao unaua nguo hizi kimyakimya. Klorini, ile wengi tunayoiita jiki, huharibu dawa iliyo kwenye pamba. Wanga na dawa za kulainisha nguo huacha utando unaoweza kuwaka. Sabuni ya mche kwenye maji magumu ya kisima hufanya vivyo hivyo, basi tumia sabuni ya unga isiyo na klorini na suuza vizuri. Na kama ina doa la grisi lisilotoka, usiingie nayo kazini, kwa sababu grisi itawaka juu ya kitambaa kisichotaka kuwaka.

Ikichanika, usimpelekee fundi cherehani akaitia kiraka kwa uzi wowote alio nao. Uzi wa poliesta utayeyuka, mshono utafunguka, na joto litaingia pale pale. Tafuta uzi wa aramidi, yaani wa jamii ya Nomex, na kiraka cha kitambaa kilekile. Visipopatikana, ovaroli ile ifanye ya kulimia shambani.