Maji ya Kayabwe hayazungushwi na ikweta

Ukitoka Kampala kwenda Masaka, baada ya kilomita zipatazo 70 unafika Kayabwe, pale mstari wa ikweta unapokata barabara. Kuna mabeseni matatu. La kaskazini, maji yanashuka tunduni yakizunguka upande mmoja. La kusini, upande wa pili. La katikati yanashuka bila kuzunguka. Wageni wengi huondoka wakiamini wameiona dunia ikizungusha maji.

Siyo dunia. Mzunguko wake hupindisha kweli vitu vinavyosafiri masafa marefu, ndiyo maana vimbunga vya kaskazini huzunguka kinyume cha saa na vya kusini hufuata saa. Lakini penyewe kwenye ikweta athari hiyo ni sifuri, na hatua ishirini pembeni ni kama haipo.

Kinachoamua ni mkono. Tazama maji yanavyomiminwa: yakipigwa ubavuni mwa beseni huanza kujizungusha polepole, kiasi kwamba huoni, kisha kasi inapanda yanapokaribia tundu. Ua linalowekwa juu ya maji ili kuonyesha mzunguko linafuata tu. Jaribu nyumbani kwa beseni lililotobolewa, utayazungusha upande wowote upendao.

Mwaka 1962, Ascher Shapiro wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, aliipata athari ya dunia ndani ya tangi lenye upana wa karibu mita 2. Ilimbidi ayaache maji yatulie saa 24 kabla ya kufungua tundu dogo. Kayabwe hawasubiri hata dakika tano.